Mbulgaria na Bendi ya Kijiji Chetu

Mimi sikusoma sana. Misheni walinifikisha darasa la nne, baba akasema inatosha, nikarudi kushika jembe. Kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nataka kuandika habari za mzungu mmoja aliyekaa nasi huku milimani Lushoto miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Wanaomkumbuka wamebaki wachache, na wakimsimulia wanamsimulia kwa kicheko. Si habari ya kuchekwa.

Alitoka Bulgaria. Serikali yao ilikuwa na urafiki na yetu, ikamleta kutengeneza mashine na umeme wa kiwanda cha mbao kilichokuwa chini ya kijiji chetu. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, nywele zimenyolewa karibu na ngozi. Jina lake lilitushinda kutamka, tukamwita Mghoshi, kama sisi Washambaa tunavyomwita mwanaume tunayemheshimu. Akaitika. Alijua kuwaamkia wazee shikamoo kabla hajajua kuomba maji ya kunywa, na mama mkwe wangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alisema huyo kalelewa.

Mume wangu alikuwa mpiga tarumbeta. Jumapili alipiga kanisani kwetu Kilutheri, Jumamosi akapiga kwenye bendi ya kijiji. Mchungaji alinung'unika, lakini mpigaji mwingine hakuwa naye. Bendi yenyewe ilikuwa magitaa makavu mawili, ngoma, manyanga na hiyo tarumbeta. Walifanyia mazoezi kwenye ghala la kijiji, ubavuni mwa nyumba yangu. Nilikuwa nasikia wimbo mmoja huo huo tangu naweka maharage jikoni mpaka yanaiva.

Jioni moja Mghoshi alipita akitoka kazini, akasimama mlangoni pa ghala. Akasikiliza, kisha akaomba gitaa. Mume wangu akampa vile unavyompa mtoto wa mgeni kitu cha kuchezea. Alipoanza, mpiga manyanga aliweka manyanga chini. Nami nilitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani kakufundisha haya?" mume wangu alimuuliza.

"Kwetu nilikuwa na bendi. Magitaa ya umeme. Kelele nyingi, vijana wanaruka."

"Na sasa?"

"Sasa misumeno."

Tangu siku ile akawa wa ghalani. Mambo ya kwao aliyasimulia kidogo kidogo akila jikoni kwangu, maana alipenda bada, ugali wetu wa muhogo, na maharage kuliko mikate ya kiwandani. Huko kwao alikuwa na nywele mpaka mabegani. Askari walimkamata barabarani mchana kweupe, wakamkata nywele watu wakitazama. Bendi yao haikuruhusiwa kupiga redioni wala kutiwa kwenye santuri. Kila wimbo ulipelekwa kwanza kwenye kamati, na kamati ilikuwa na wazee wasiopenda kelele.

"Hata huku wimbo unapelekwa kwa katibu wa kijiji kwanza," mume wangu alimwambia.

"Katibu wenu anacheza," akajibu. "Nimemwona. Anacheza vibaya, lakini anacheza."

Tulicheka sana. Kisha akasema neno ambalo halikuwa la mzaha. Alisema amepiga gitaa tangu ana miaka ya shule, na hakuna mahali popote duniani sauti ya gitaa lake ilipohifadhiwa. Akifa leo, itakuwa kama hakuwahi kupiga. Alitaka wimbo mmoja tu. Hata redio ya Tanzania, hata kijijini, mradi uwepo.

Akautunga huo wimbo pamoja na mume wangu. Gitaa kavu moja akalifunga nyaya na kifaa alichokitengeneza mwenyewe, akaliunga kwenye spika ya redio mbovu na betri ya lori la kiwanda. Likaanza kuunguruma. Kuku wangu walihama banda. Maneno yalikuwa yetu, habari ya njia ya kupanda mlima na mzigo wa kuni, lakini mwendo ulikuwa wa kwao. Ngoma yao hailingani miguu. Inapiga hatua, hatua, halafu moja inakuwa ndefu, kama mtu anayechechemea. Mpiga ngoma wetu alijikwaa wiki nzima akataka kuacha. Mume wangu ndiye aliyemwambia, "Hebu panda hilo korongo na mtungi kichwani uone kama miguu yako inalingana." Hapo akaelewa. Wakaupata. Mkiniuliza mimi, ulikuwa wimbo mzuri kuliko yote niliyosikia huku, nami si mtu wa kupenda kelele.

Ikaja habari kwamba gari la redio linapanda kutoka Dar es Salaam kurekodi bendi na ngoma za vijiji. Mghoshi hakulala vizuri siku hizo, macho yalikuwa mekundu. Aliomba ruhusa kiwandani. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

Sasa sikilizeni tulivyofanya.

Shambani tulikuwa tumempa jembe kama mtu mwingine. Ghalani alikuwa akibeba betri mgongoni. Hakuna aliyemwona mgeni. Lakini gari lilipofika kiwanjani, na katibu wa tarafa kashuka na watu wa redio wamevaa viatu vya kung'aa, wazee waligeuka. Mama mkwe wangu akamvuta mume wangu kando.

"Mwanangu, mtamtoa jasho mgeni mbele ya watu wa serikali?"

"Mama, yeye ndiye mwenye wimbo."

"Wimbo ni wa kijiji. Watasema Washambaa wamepata mzungu wakamfanya mpiga ngoma wao. Aibu hiyo utaibeba wewe? Mkalishe. Mpeni heshima yake."

Na wazee wote wakaitikia. Kwetu, mtu aliyetoka mbali akiwapo mbele ya wakubwa, hashiki kazi. Anakaa, analishwa, anatazama. Ndivyo tulivyolelewa, na mume wangu hakuwa mtu wa kumpinga mama yake hadharani. Alikwenda akamtoa Mghoshi gitaa mkononi, kwa upole kabisa, akamshika bega, akamketisha kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa, pembeni ya katibu wa tarafa. Nikaambiwa nimpelekee wali na kuku. Nikampelekea, nikapiga goti kama inavyotakiwa.

Aliniuliza taratibu, "Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa," nikamwambia. "Leo wewe ni mgeni wetu wa heshima."

Hakula. Alikaa mikono magotini, na bendi ikapiga bila yeye. Hakukuwa na mwingine aliyeweza lile gitaa la nyaya, kwa hiyo waliliacha. Pale palipokuwa pake, mume wangu alijaza tarumbeta. Na mpiga ngoma, kwa hofu ya zile mashine za kurekodi na kwa kukosa mtu wa kumwongoza, akaunyoosha mwendo. Ule mguu unaochechemea ukapotea. Ukawa wimbo kama nyimbo nyingine.

Watu wa redio wakasifu. Mmoja, wakikunja nyaya zao, akauliza, "Na yule mzungu ni nani?"

"Mgeni wetu," mume wangu akajibu, na nilimwona amejaa fahari.

Siku wimbo ulipotangazwa kuwa utapigwa redioni mara ya kwanza, mume wangu alimkimbilia Mghoshi kiwandani, akamleta nyumbani asikie. Tulikaa wote jikoni. Wimbo ukaisha. Akasema, "Vizuri." Mume wangu akaanza kuona kuna jambo.

"Mghoshi, hukufurahi?"

"Kwetu walinitoa kwa sababu hawanipendi," alisema. "Hiyo naielewa. Ninyi mbona mlinitoa?"

"Hatukukutoa. Tulikuheshimu."

"Nilidhani mimi ni wa bendi."

Mume wangu alimweleza desturi, mambo ya mgeni, ya mama yake, ya macho ya serikali. Mghoshi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Kwao, alishatuambia, kutikisa kichwa ndiyo kukubali. Akasema hongea, yaani asante kwa Kishambaa, akaaga. Hakutukasirikia, na hilo ndilo lililomuumiza mume wangu.

Mume wangu alishuka mpaka ofisi za mkoa Tanga kuomba gari la redio lirudi. Wakamwambia kijiji chenu tayari, bado vijiji vingine. Alirudi tena, akajibiwa vile vile. Mkataba wa Mghoshi ukaisha kabla mvua za vuli hazijaanza. Tulimsindikiza mpaka barabara ya Mombo na kikapu cha matunda, akapanda lori la mbao akaondoka.

Miaka baadaye alikuja Mbulgaria mwingine wa misumeno. Mume wangu akamwendea siku hiyo hiyo. Yule alimjua Mghoshi. Alisema Mghoshi sasa anafanya kazi ya umeme kwenye majumba, na harusini watu wakimwomba anapiga kidogo. Santuri? Hapana, hakuwahi kutoa. Mume wangu alirudi nyumbani akalala na viatu.

Ule wimbo redio wanaupiga mpaka leo, asubuhi, katika nyimbo za zamani. Siku moja ulipigwa wajukuu wetu wakiwa hapa, na mkubwa wao akasema, "Babu, hii tarumbeta ulipiga vizuri."

"Hapo hapakuwa pangu," akamjibu.

Mtoto hakuelewa, akacheka akidhani babu anajishusha. Babu yake akanyanyuka, akachukua panga, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Majani yalikuwa tele bandani.