Saa ya Mkononi ya Maman Nzigire

Kama uliwahi kupita daraja la Rusizi, kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo, asubuhi, lazima umepishana na Joséphine Nzigire, hata kama humjui kwa jina. Ni yule mwanamke mfupi mwenye bidoni, yaani dumu, la maziwa kichwani na mikono mitupu. Halishiki lile bidoni. Miaka zaidi ya ishirini analivusha kutoka Kamembe, kwetu Rwanda, kwenda Bukavu, lita ishirini za maziwa ya wafugaji wa Nyakarenzo, na sijasikia hata siku moja kwamba limemwagika.

Ndiyo maana ukimtajia habari za mji mkubwa wa ugenini anakucheka. "Mimi niko naenda kwa bageni kila siku," atakwambia. Kweli kabisa. Ila ugeni wake una sheria moja: unakwenda asubuhi, unarudi kabla mpaka haujafungwa. Hajawahi kulala ng'ambo isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyomharibu.

Binti yake, Sandrine, alikuwa na miezi mitano. Enzi hizo bariyeri ya mpaka ilishushwa saa kumi na mbili za jioni, na Nzigire alikuwa amecheleweshwa na mteja mmoja msumbufu. Akafika darajani anahema, chuma kimeshalala barabarani. Akaomba, akalia, akapiga magoti. Wapi! Akakaa pale kwenye kokoto mpaka kukapambazuka, anaangalia taa za kwao upande wa pili, matiti yamejaa hadi kitenge kimelowa, na mtoto yuko kule juu kwa jirani yake Shadia. Siku nzima ametembeza maziwa ya watoto wa watu, na wake hana wa kumnyonyesha.

Tangu hapo, saa kumi alasiri ikifika, saa mbili kabla ya bariyeri ile ya zamani, mwili wake unawaka moto. Siku hizi mpaka unafungwa usiku, lakini nani ataueleza mwili ule ukasikia? Saa kumi anasuuza bidoni, anajifunga kitenge na kuondoka, mteja yumo katikati ya maneno. Maziwa yakibaki anayagawa bure. Wenzake wa darajani wamempa jina la Saa Kumi, na yeye wala hakasiriki.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye Mungu akampa mtoto wa kutaka kwenda Nairobi.

Sandrine ni mtoto wake wa pekee. Baba yake, marehemu Mulume, alifariki binti akiwa na miaka mitatu, akamwachia mkewe nyumba ya vyumba viwili na saa moja ya mkononi, ya kiume, yenye mkanda wa ngozi. Msichana amekua akiona maziwa yanachacha kwa joto na kumwagwa, na tangu darasa la nne alikuwa akisema atajifunza kutengeneza mashine za baridi. Tulidhani ni maneno ya kitoto. Alipofika miaka kumi na tisa, masista waliomsomesha wakampatia nafasi katika chuo kimoja huko Nairobi, kila kitu kimelipwa. Sharti lilikuwa moja tu: mzazi aje mwenyewe na kusaini mbele ya karani wa chuo, mwisho Ijumaa, kabla geti halijafungwa saa kumi na moja jioni.

Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Nzigire akawa anachagua mchele.

"Nitaenda," akasema mwishowe. "Tutatembea siku tatu, nione ule mji na macho yangu. Nikiona ni mahali pa kuacha mutoto, nitasaini. Nikiona haiko hivyo, tunarudi bote babili."

Sandrine akakubali. Angefanyaje?

Huko Nairobi wametutangulia saa moja nzima. Walipokuwa kwenye basi la kuingia Kenya, Sandrine akamwomba mama yake asogeze saa yake mbele. Nzigire akaufunika mkono kama mtu anayetaka kuibiwa. "Siku tatu tu, nichezeshe saa ya baba yako? Acha iseme saa ya kwetu."

Wakashuka Jumatano asubuhi, wakapata chumba katika nyumba ya wageni ya kanisa, na baada ya chai wakaingia mjini kwa miguu. Weee! Nzigire alikuwa amejiandaa kwa magari na maghorofa, hayo Bukavu yapo pia kwa kiasi chake. Hakujiandaa kwa walinzi. Kila mlango una mlinzi wa kukupekua. Mwanzoni akafurahi, maana kazi hiyo anaijua vizuri: alisimama kwenye foleni, akatabasamu, akatoa pasi yake ya kusafiria na kumkabidhi mlinzi kwa mikono miwili.

"Mama, hili ni duka la viatu," mlinzi akamwambia.

"Duka gani iko na bariyeri?"

Sandrine alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mama naye akacheka. Walikuwa na raha asubuhi ile, lazima niseme ukweli. Walitazama barabara inayopita juu ya barabara nyingine, wakabishana ni watu wangapi wa Kamembe wangeenea ndani ya jengo moja la vioo. Wakaenda kukaa kwenye nyasi bustanini, wanatafuna mahindi ya kuchoma. Nzigire akaanza kusema habari za Mulume, jambo analolifanya kwa nadra sana.

Halafu saa ya mkononi ikafika kumi.

"Tuende!"

"Wapi, Maman?"

Na hapo ndipo penye taabu, kwamba hapakuwa na wapi. Alishasimama, alishajifunga kitenge, miguu inamwasha. Wakatembea kwa kasi saa nzima na zaidi, wanazunguka tu, wakaipita benki ileile mara tatu, Sandrine nyuma na gunzi lake la mahindi mkononi. Walipofika chumbani Nzigire akakaa kitandani akiwa amevaa viatu. "Muji huu haufai," akasema. "Haina mahali pa kurudi."

Alhamisi ilikuwa vilevile, tena mbaya zaidi. Alitafuta makosa kama mtu anayechambua maharage. Watu hawasalimiani. Wanatembea mbio, wameiba nini? Chai yao imejaa majani. Sandrine akampeleka hadi nje ya chuo, eneo la Ngara, ukuta mrefu na geti la chuma la rangi ya buluu. Nzigire akakataa kuvuka barabara. Alisimama ng'ambo akahesabu madirisha, akauliza kwa nini madirisha ya juu hayana nondo, akageuka. Ilipofika saa kumi ya mkono wake, wakaanza tena ule mzunguko wao wa wazimu. Safari hii Sandrine hakucheka.

Ijumaa wakarudisha ufunguo wa chumba wakatoka na mizigo yao, maana basi la kurudi lilikuwa jioni, saa moja, apande mmoja au wapande wote wawili. Nzigire akasema anataka kwanza kuona Gikomba, lile soko la mitumba. Wakaingia. Ana haja gani na mitumba? Hana. Alishika koti, akaliacha. Akauliza bei ya pazia, akaliacha. Kibanda baada ya kibanda, saa baada ya saa, na kila Sandrine akifungua mdomo, mama anasema, "Ngoja kwanza, ninaangalia." Alikuwa anajua anachokifanya. Alikuwa anaisukuma ile siku ifike mwisho wake yenyewe, ili asiwe yeye aliyesema hapana.

Wakafika mwisho wa soko, kwenye ukingo wa mto mmoja mweusi kwa uchafu. Sandrine akaweka begi chini.

"Maman, tuende kituoni. Turudi nyumbani."

"Na karatasi ya chuo?"

"Tuiache. Siwezi kukuvuta na kamba."

Basi si ndicho alichokuwa anakiomba? Siku tatu anakiomba! Lakini alipokipata moyo haukushuka. Alimwangalia binti yake, akaona hata hajanuna. Alikuwa amechoka tu, ameinama anafunga kamba ya kiatu, na mfukoni mwa begi ile karatasi inachungulia, imekunjwa vizuri ndani ya plastiki isilowe. Nzigire akaona aibu. Na kwa kuwa aliona aibu, akafoka.

"Wewe hujui! Hujui nilivyoona mimi usiku ule kwa daraja! Unalia ng'ambo na mimi siwezi kukufikia!"

"Ninajua," Sandrine akasema. "Maman Shadia alinielezaka zamani. Alininyonyesha pamoja na mutoto wake, nikashiba, nikalala mpaka asubuhi." Akanyanyuka. "Maman, mimi nililala. Ni wewe hukulala."

Loo. Kumbe ni kweli, na Nzigire alikuwa akiijua. Asubuhi ile alipopanda kilima mbio, alimkuta mtoto amelala kwapani mwa Shadia, mashavu yamevimba kwa shibe, wala hakuamka alipochukuliwa. Miaka yote alikuwa amebeba kokoto za darajani, hayo mashavu akayasahau.

Akashusha pumzi. "Haya," akasema taratibu, "tutaenda kusaini. Wanafunga saa kumi na moja, si njo vile? Sasa ni tisa na dakika ishirini. Tukule kidogo kwanza."

Sandrine akaangalia chini. "Maman, hiyo ni saa ya Rusizi. Hapa ni kumi na dakika ishirini."

"Na wewe ulikuwa unanyamaza?"

"Nilikuwa ninangoja useme wewe mwenyewe."

"Ee Nyamuzinda!" Nzigire alimwita Mungu kwa Kimashi, lugha aliyozaliwa nayo, na ukisikia Kimashi kimemtoka ujue mambo yameiva. Akalinyakua begi la binti, akalitupia kichwani. "Kimbia!"

Magari ya njia hiyo yalikuwa yamekwama, hayaendi mbele wala nyuma, kwa hiyo ni miguu. Na hapo sasa Nairobi ikapata kumwona mtu wa mpakani. Mwanamke wa miaka hamsini, begi kichwani bila kulishika, anapenya kati ya mikokoteni na pikipiki, anapiga kelele "Pisha! Pisha!", na msichana mrefu nyuma yake anahema, "Maman, pole pole!" Pole pole ya nini? Ule moto aliokuwa nao siku zote, wa saa kumi, ulikuwa umeamka. Ila sasa ulikuwa na mahali pa kwenda.

Walipoliona lile geti la buluu, mlinzi alikuwa ameshika mlango, umebaki upenyo wa mtu mmoja.

"Tumefunga, mama. Rudi Jumatatu."

Ungekuwa wewe ungebishana. Nzigire amewabembeleza walinzi wa mpaka miaka ishirini, anajua hawabishiwi. Akashusha begi, akajifuta jasho, akamwangalia kama ndugu yake aliyepotea.

"Papa, shikamoo. Nimetoka Rwanda na miguu hii unaiona. Ile mkono yako isimame tu dakika moja. Ukifunga leo, mutoto wangu anarudi kuuza maziwa na mimi, na utamuota."

Mlinzi akacheka bila kupenda. Upenyo ukaongezeka.

Karani alikuwa amebeba mkoba wake tayari. Akakaa tena. Nzigire akasaini, herufi kubwa, moja moja, NZIGIRE, akabonyeza kalamu hadi karatasi ya chini ikaandikika. Karani akasema wanafunzi waliosainiwa leo wanalala hapa hapa, mafunzo yanaanza kesho asubuhi, na wazazi sasa watoke, geti linafungwa.

Hapakuwa na muda wa maneno. Akamkumbatia, akamrekebishia kola, akatoka. Geti likajifunga nyuma yake kwa kishindo, komeo likaingia.

Akatazama mkono wake. Saa kumi ya Rusizi, na dakika chache. Na hapo, mwanamke wa hamsini asiye na tone la maziwa, matiti yakamuuma, palepale, maumivu yaleyale ya darajani. Akaweka kiganja kwenye kile chuma cha buluu akalia, na mlinzi akageukia pembeni kwa heshima.

Ndipo akasikia sauti ya Sandrine kutoka ndani, juu, kwenye dirisha moja lisilo na nondo.

"Maman! Saa kumi! Vuka!"

Akacheka huku analia. Akajifunga kitenge vizuri, akaenda kutafuta basi lake.

Ukimkuta Bukavu leo, usimwulize saa. Ile ya Mulume aliisogeza mbele akiwa ndani ya basi usiku uleule, na hataki irudishwe. Inatangulia saa moja, wateja wanachanganyikiwa. Ikifika kumi na moja kwenye mkono wake, alasiri ya saa kumi kwetu, anaweka bidoni chini na kupiga simu Nairobi, saa lile geti la buluu linapofungwa. Wenzake wanamngoja, hawaulizi tena.

"Umeingia ndani?"

"Nimeingia, Maman."

Ndipo anavuka daraja.