Kadi ya Kijani ya Ewald Grabosch

Kwa miaka arobaini na moja Ewald Grabosch hakuwahi kumdanganya rafiki yake Lothar Sobania, na siku alipomdanganya ilikuwa kwa sababu ya mpira. Cheka ukitaka. Lakini kule Rautental, Ujerumani, migodi ya makaa ilishafungwa zamani, na kitu pekee ambacho watu wanaweza kukiita chetu ni klabu ya Viktoria. Klabu ni ya wanachama. Rais akitaka kuuza hata kipande chake, sharti aje ukumbini awabembeleze, nao wainue kadi: kijani kukubali, nyekundu kukataa.

Wazee hao wawili walisimama jukwaa la kusini, ngazi ya tisa, kila mechi ya nyumbani. Pale hakuna viti. Unasimama, unaimba, unamtukana refa mpaka sauti inakauka. Lothar alileta mikate ya soseji, Ewald alileta chupa ya kahawa.

Mwaka ule Lothar alipasuliwa nyonga siku sita kabla ya mkutano mkuu. Na kura haipigwi kwa niaba ya mtu. Usipokuwepo, basi tena. Ewald alikwenda kumwona hospitalini.

"Jumapili wewe ndiye mkono wangu," Lothar alimwambia. "Inua nyekundu, uinue juu hasa, yule rais aione mpaka usingizini."

"Hilo nalo la kuambiwa?"

"Nakujua, bwana wee. Ukipakwa mafuta kidogo tu, unateleza."

"Mimi huyu? Hebu lala upone. Nimeshasema nyekundu."

Na alikuwa anasema kweli, naapa.

Ukumbini rais aliongea saa nzima habari za mwekezaji kutoka ng'ambo anayetaka kununua kipande cha klabu, na Ewald akamsikiliza mikono kaikunja kifuani. Ndipo ukutani ikatokea picha ya Jannik Osthoff. Jannik alikuwa kiungo wa miaka kumi na tisa, mtoto wa jirani yake Ewald. Utotoni alikuwa akipiga mpira kwenye mlango wa gereji ya Ewald mpaka bati likabonyea, na mzee hakutaka kulinyoosha kamwe.

"Waingereza wameshabisha hodi," rais akasema. "Mchezaji wao mmoja wa benchi analipwa kuliko safu yetu nzima ya ulinzi. Bila fedha hizi, Jannik anaondoka. Tukizipata, anabaki, na kikosi tunakijenga juu yake."

Miaka yote Ewald alikuwa ameona wazuri wakichukuliwa: kipa kwenda Madrid, beki kwenda London, mshambuliaji kauzwa kabla mashabiki hawajamtungia wimbo. Na huyu pia? Wanachama wakatakiwa kuinua kadi. Ewald akainua ya kijani.

Zilihitajika theluthi mbili, na hoja ikapita kwa ziada ya kura kumi na nne tu.

"Wametushinda," alimwambia Lothar jioni ile.

"Lakini uliinua nyekundu?"

"Nyekundu."

Lothar akamshika mkono akaubana. "Basi angalau sisi hatukujiuza." Ewald akaaga, akarudi nyumbani.

Alijipa moyo kwamba Jannik akibaki, uongo ule utakuwa na maana. Haya, Jannik alibaki? Julai wakamuuza Uingereza! Kijana aliyelelewa na klabu yenyewe hakununuliwa, kwa hiyo bei yake yote inaandikwa faida, na hao wakubwa wapya walioletwa na mwekezaji walihitaji faida hiyo ili wamlete mfungaji mmoja wa miaka thelathini na mbili, mwenye jina la kuuzia jezi. Washenzi wakubwa. Jannik alikuja kuaga pale pale kwenye gereji.

"Sikuulizwa, mzee Ewald," alisema. "Niliambiwa tu."

Kiangazi chote Lothar, akijikongoja na fimbo, alimwambia kila aliyekutana naye kuwa yeye na Ewald walikataa. Ewald alikuwa akitazama viatu vyake.

Agosti ikafika, mechi ya kwanza ya msimu. Ewald alitangulia uwanjani, akafika lango la kusini. Ukutani walikuwa wametundika picha kubwa, urefu wa ghorofa tatu: ASANTENI WANACHAMA. Kadi za kijani tupu, na mbele kabisa Ewald, mkono juu, mdomo wazi.

Alikimbia kumpokea Lothar kituoni. "Leo tupitie lango la mashariki. Ngazi zake chache, mguu wako usiumie."

"Toka lini ukawa muuguzi wangu? Napita ninapopita siku zote."

Wakapita kule kule. Lothar alisimama, akatoa miwani, akaivaa, akaitazama picha.

"Umetoka vizuri," akasema.

"Lothar, nisamehe. Nilifanya vile kwa ajili ya Jannik."

"Na Jannik yuko wapi?"

Lothar akaingiza mkono mfukoni, akampa Ewald mkate wake wa soseji uliofungwa kwa karatasi, kama kila mechi. Kisha akageuka na fimbo yake, akarudi kituoni, na mpira ulikuwa bado haujaanza.