Zawadi ya Aliyetubu

Kemunto hakuwa mtu wa kusahau. Tangu utotoni kule Keroka, kanisani kwa Wasabato, watoto walipopangwa mstari kusema mafungu ya Biblia kwa moyo, yeye ndiye aliyesukumwa mbele wageni wakija. Wenzake walikwama kwenye mstari wa pili wakaanza kutafuta maneno darini. Yeye alimwaga sura nzima, kisha akaketi na kuvuta soksi zake juu kana kwamba hakufanya lolote. Nani angedhani kwamba kipaji cha namna hiyo kingekuja kumponza mtu, tena Riyadh, tena mbele ya waliompenda?

Alikwenda Saudia kama wanavyokwenda wengi: ajenti, pasipoti, ahadi, ndege. Nyuma alimwacha bintiye Valary kwa nyanya yake. Akapelekwa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, kwenye jumba la ngazi za marumaru na madam aliyemwita "yalla", yaani haya upesi, mara nyingi kuliko alivyomwita kwa jina. Kazi hakuilalamikia. Mtu wa Kisii humtishi kwa kazi. Kilichomshinda ni ufunguo. Familia ikisafiri, madam alimfungia kwenye chumba cha kufulia nguo, na mikate na chupa za maji, asije akatoroka. Mara ya mwisho walikawia mpaka mikate ikaota ukungu, naye akawa anakinga maji kwenye bomba la mashine. Waliporudi, madam alifungua mlango, akaziba pua, akamwambia aoge upesi kwa kuwa wageni wanakuja. Hakuuliza hata kama yu mzima! Mimi nikilisimulia hili damu hunichemka, na si mimi niliyefungiwa.

Siku aliyotumwa kutupa taka, aliweka mfuko chini akaendelea kutembea. Akaruka majivu, akakanyaga moto. Pasipoti ilibaki kwa madam, na bila ikama, kile kibali cha ukaazi, hakuna mtu wa maana atakayekuajiri. Velma, msichana wa Kakamega mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alimpokea kwenye chumba alichokodi na wenzake mle mle Jeddah, na kazi iliyolipia chumba kile ilikuwa moja tu. Najua hapa watu hupenda msimulizi ageuze uso, aseme alidanganywa au alileweshwa. Hapana. Kemunto aliijua kazi ile kwa jina lake akaifanya, mwanzoni akilia, baadaye bila kulia. Hilo la pili ndilo lililomtia hofu zaidi.

Polisi walipovunja mlango hakushangaa. Alichoshangaa ni hakimu. Alisimama mbele yake akisubiri miaka ya jela, hakimu akauliza kupitia mkalimani: jela, au nyumba ya toba? Kuna watu wa kheri Riyadh, alisema, wanaowafundisha dini wanawake wa namna hii badala ya kuwafunga. Kemunto alimtazama mkalimani kana kwamba ametafsiri vibaya. Velma, aliyekamatwa pamoja naye, akamchoma kiwiko.

"Sema nyumba, wewe! Unangoja wakuulize kama unataka chai na mkate?"

Nyumba yenyewe ilikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Murabba, nyuma ya ofisi ya watu hao wa kheri, na ukuta mrefu na geti mbili. Kemunto alijiandaa kwa kiboko. Akakutana na mwanamke mfupi wa miwani, Ustadha Nawal, aliyewapokea mlangoni mmoja mmoja na kuwauliza kama wamekula. Waliokuwa Wakristo aliwaketisha pamoja akawaambia kwa Kiarabu chepesi, akirudia mpaka waelewe, kwamba kuhifadhi Kurani si kusilimu. "Moyo wako ni baina yako na Mola wako," alisema. "Mimi nataka uiache njia ile tu." Kemunto alimtazama akashindwa kuamini. Tangu ashuke ndege katika nchi ile, hakuna aliyemwambia kwamba moyo ni wake.

Basi akahifadhi. Sura fupi zilimwingia kama uji kwa mgonjwa, akaenda kwenye ndefu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu kadiri alivyosifiwa ndivyo alivyozidi kulikoleza. Ustadha alimleta mbele ya wenzake, kisha mbele ya wageni, kisha akaanza kumfundisha hata kuandika. Na katikati ya hayo yote, asubuhi moja akiwa anafagia ua, toba ikamjia kweli. Haikuwa ya kufundishwa. Aliegemea ufagio akalia kwa lugha ya kwao, akamwomba Mungu wa kwao amsamehe kile chumba cha Jeddah na kila aliyeingia ndani yake. Ustadha alimwona kutoka dirishani, akamwacha alie mpaka amalize.

Velma naye alikuwa mambo mengine. Darasani alisinzia, na siku ya mtihani alichanganya sura tatu kuwa moja hadi Ustadha mwenyewe akaficha kicheko kwenye kiganja. Kufeli kulikuwa na maana moja: kurudishwa kwa hakimu. Wanawake walimlilia kama maiti.

"Wacheni kunililia," Velma alisema akipanda gari la polisi. "Hii kichwa yangu Mungu aliniwekea ya kubeba mahindi tu."

Waliofaulu, wao walitoka kwa geti ya mbele. Gari safi la mtu binafsi lilikuja, zawadi zikatolewa, vigelegele vikapigwa, na aliyekwenda akakumbatiwa na kila mtu. Uwanja wa ndege, wote waliamini. Kwao. Kemunto alihesabu nafsi yake kuwa wa pili au wa tatu kufuata, akawaza Valary amerefuka kiasi gani.

Aliyemvunja ndoto hiyo alikuwa mpishi, Bi Zulekha, mama wa Pemba aliyeruhusiwa kuwa na simu. Alimwita jikoni siku moja kabla ya sherehe ya kumaliza masomo, akimwonyesha picha. Kemunto aliitazama akadhani macho yanamdanganya. Velma! Velma kasimama kwenye shamba la mahindi, gunzi mkononi, mashavu yamejaa.

"Huyu si yuko jela?"

"Jela ya nani? Hakimu kamtazama, kaona muda aliokaa wamtosha, kamtia tarhil, kule wanakorudishiwa watu makwao, kapanda ndege. Yuko kwao huyo zamani."

Kemunto alikaa juu ya gunia la mchele. Jambo lilikuwa linageuka kichwani mwake polepole, na hakulipenda.

"Bi Zulekha, aliyefeli yuko kwao. Waliofaulu wako wapi?"

Bi Zulekha aliacha kumenya vitunguu. "Kwani hujui? Wallahi nilidhani mwajua nyote. Aliyefaulu hutunzwa, mwanangu. Kafili wake huitwa amsamehe, akamchukua tena kwa mkataba mpya. Wenyewe waona ndiyo ihsani hiyo, mtu asirudi kwao na aibu na mikono mitupu."

"Kafili gani?"

"Kafili wako. Yule uliyemkimbia."

Kemunto alikuwa ameshika sufuria. Hakuiangusha. Aliishika tu, mpaka vidole vikamuuma, na Bi Zulekha akaja kumfungua kimoja kimoja. Wale wote waliowapigia vigelegele! Waliwasukuma wenyewe ndani ya magari yale, wakiwapungia mkono.

Kesho yake ukumbi ulijaa wafadhili na wake zao. Kemunto aliingia na kanzu mpya, akainua macho. Madam alikuwa ameketi mstari wa mbele. Yule yule, na manukato yale yale, kando yake bintiye mdogo aliyekuwa amepoteza meno ya mbele. Madam alikuwa ametoka Jeddah asubuhi ile. Alinyanyuka, akamkumbatia Kemunto mbele ya watu wote huku akilia machozi ya kweli, na hapo ndipo paliponitisha mimi niliposimuliwa, maana hakuwa akiigiza.

"Nimekusamehe," alisema. "Watoto wamekukumbuka. Tutasahau yote, halas. Yalla, soma tukusikie."

Kemunto alisoma. Hakukosea hata herufi, kwa sababu kusoma vibaya kusingetosha. Wangesema ameona haya. Alipomaliza, mwenyekiti wa wafadhili alimuuliza swali waliloulizwa wote, lile ambalo jibu lake ni moja na hulifahamu hata mtoto. Je, ametubu?

Alikuwa ametubu. Lilikuwa ndilo jambo la kweli kuliko yote aliyowahi kufanya katika nchi ile.

"Hapana," alisema kwa Kiarabu safi. "Sijatubu. Nikitoka hapa nitarudi kwenye kazi yangu."

Mwanamke mmoja alimfunika mwanawe masikio. Mwenyekiti alitazama karatasi zake kana kwamba jibu limeandikwa vibaya humo. Ustadha Nawal, uso umempauka, alimshika mkono akamtoa hadi barazani, akafunga mlango.

"Umefanya nini? Nilikuona uani! Kilio kile si cha mtu mwongo. Niambie mimi, umetubu au hujatubu?"

Hapo angeweza kushikilia uongo wake. Lakini kumdanganya Ustadha uso kwa uso kulimshinda. "Nimetubu, Ustadha," alisema, kisha akamweleza kuhusu ufunguo, chumba cha kufulia, mikate ya ukungu na maji ya bomba. Aliyasema kwa mara ya kwanza, maana hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini alikimbia. Alipomaliza aligundua alichofanya. Neno moja tu kutoka kinywa cha mwanamke yule, naye yuko njiani kwenda Al-Hamra.

Ustadha aliegemea ukuta. "Nimewarudisha wangapi?" alinong'ona. "Makafili wao nimewapigia simu mimi, kwa mkono wangu." Hakungoja jibu. Alifungua mlango akarudi ndani, na Kemunto akamfuata miguu ikiwa mizito.

Madam alikuwa bado amesimama. "Ana haya tu, Ustadha. Mimi nimeshamsamehe. Gari liko nje."

"Nimemfundisha mimi," Ustadha alisema. "Namjua kuliko wewe. Huyu hana toba. Kumwingiza nyumbani kwenye watoto ni shauri yako, lakini mimi siwezi kumtolea ushahidi mwema. Mrudisheni kwa hakimu, aende kwao."

"Una hakika?" aliuliza mwenyekiti.

"Nina hakika."

Madam alimvuta bintiye karibu, akachukua mkoba wake, akarudi nyuma hatua moja kama aliyeona nyoka. Yakaisha. Tarhil, ndege, Keroka, Valary: yote yalikuwa yake sasa, na Kemunto alisimama pale ameduwaa, asiweze kufurahi.

Mwanamke yule hakuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba amesoma vizuri kama hakusoma vizuri. Alikuwa na hofu ya Mungu ya kweli, si ya maonyesho, na kila aliyeishi nyumba ile alilijua hilo. Uongo wake mwenyewe Kemunto alikuwa amejiandaa kuubeba hadi kwao, auombee msamaha Sabato baada ya Sabato. Wa Ustadha hakujua aupeleke wapi. Alitaka kupaza sauti kwamba si kweli, kwamba ametubu, kwamba mwalimu wake asiachwe peke yake na dhambi isiyo yake. Akatazama mlango wa mbele, ambako dereva wa madam alikuwa bado hajazima gari, akanyamaza.

Ustadha Nawal alikusanya vitabu vyake, akapita karibu naye, na hakumtazama tena.