Sauti Niliyomwazima Mjomba

Mjomba alikuwa fundi redio kabla macho hayajamzimikia, na yalipozima akabaki fundi redio. Sisi ndio tuliopungukiwa akili. Kwa vidole tu alikuwa anafungua redio, anainusa ndani, anakwambia, "Hii imeungua kwa sababu mwenyewe bahili, waya kafungia uzi." Kilichomshinda ni njia: barabara kubwa moja na vichochoro vya soko. Kibanda chake kikafungwa, na pale sokoni kibanda kisichofunguliwa miezi sita anapewa mtu mwingine.

Mwezi wa pili mama yangu, ambaye ni dada yake, akaenda ofisi ya ustawi kuomba msaada. Akaambiwa mratibu wa huduma atatupigia. Mimi stashahada ya ustawi wa jamii niliisoma mwaka mmoja na nusu, nikaachana nayo, lakini ujuaji wake niliondoka nao wote.

"Mratibu ni mbeba faili," nikamweleza mama. "Hakuogeshi, hakupikii, hakupeleki popote. Dalali asiye na nyumba!"

Siku mratibu alipopiga, alipiga kwangu, maana namba aliyoandikisha mama ni yangu. Mjomba alikuwa bafuni anaoga, peke yake, huku akiimba vibaya sana.

"Naomba kuzungumza na mzee mwenyewe," alisema yule dada.

Ningesema asubiri dakika tano. Lakini nyumbani nilisifika kwa kuigiza sauti za watu, na ya mjomba ndiyo niliyoipatia kuliko zote. Nikakohoa, nikaishusha sauti. "Ndiye mimi, mwanangu."

"Mzee, siku yako ikienda vizuri huwa ikoje?"

"Niogeshwe, nilishwe, nilale. Umri umekwenda."

Mama, aliyekuwa mlangoni, alijiziba mdomo asicheke. Yule dada hakucheka. Aliuliza mara mbili kama hakuna kingine ninachotaka, nikasema hakuna. Nikakata simu nikijiona mchapakazi.

Wiki mbili baadaye akaja msaidizi, baba mmoja mpole, na taulo begani. Mjomba akamzuia mlangoni pa bafu.

"Unafuata nini humu?"

"Nimetumwa nikuogeshe, mzee. Imo kwenye mpango wako."

Nilisubiri matusi, maana mjomba anayo ya akiba. Akasema tu, "Kumbe nimeshafika huko," akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Mjomba, unasuguliwa mgongo kama mfalme!" nikatania. Alimaliza vifungo, akaingia bafuni.

Tangu siku hiyo hakuimba tena bafuni. Bisibisi zake akazifunga kwenye kitambaa, akazisukuma chini ya kitanda. Nilikuwa naona. Kila nilipotaka kusema nikakuta nimechelewa: siku ya kwanza ungekuwa mzaha, sasa ulikuwa uongo.

Baada ya miezi mitano mratibu akaja mwenyewe kuukagua mpango. Viatu vina vumbi, na faili kweli alikuwa nalo. Akaketi karibu na mjomba.

"Mzee, huduma zinaendaje?"

"Zinaenda. Ila kama mngeniuliza, ningesema nataka kufika kibandani kwangu, basi."

Kalamu ikasimama. "Nilikuuliza, mzee. Kwa simu."

"Mimi? Sauti yako ndiyo kwanza naisikia leo."

Mratibu akageuka, akanitazama. Hakupandisha sauti. Alimweleza mjomba kwamba mwalimu wa fimbo nyeupe yupo, mtu wa kumsindikiza mpaka aizoee njia yupo, na uongozi wa soko ungeandikiwa barua wamshikie kibanda. "Kazi yangu ni kuwaunganisha hao wote," alisema. "Lakini naanzia kwenye neno lako, mzee. Lisipokuwa lako, naunganisha hewa."

"Mjomba," nikasema, "ni mimi niliyeongea."

"Kwa sauti gani?"

"Yako."

"Hebu ifanye niisikie."

"Mjomba, jamani..."

"Ifanye!"

Nikakohoa, nikaifanya. Niogeshwe, nilishwe, nilale. Mama aliinuka, akaenda jikoni. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha kama anasikiliza redio mbovu.

"Umeipatia," alisema. "Ila mimi sikohoi."

Mratibu akampigia mwenyekiti wa soko palepale. Kibanda kilikuwa na wiki tatu mikononi mwa muuza makava ya simu, na vibanda vingine vyote vina watu.

Mwalimu wa fimbo alipatikana ndani ya wiki hiyo. Sasa mjomba anavuka barabara kubwa, anapita vichochoro, na mimi nyuma yake hatua kumi, mdomo nimeufunga. Anajua nipo. Jana alifika mpaka kibandani, akapapasa fremu ya mlango, vidole vikatulia pale alipokuwa akitundika redio zilizopona.

"Karibu mzee, nikupe kava la simu gani?" akauliza muuzaji.

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa nahakikisha njia."

Akageuza fimbo, tukarudi nyumbani.