Pete za Msipresi

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi upande wa Nyakiriba. Pale nyumbani Mbugangari hata getini sikuruhusiwa kufika.

Wanajeshi waliamuru msipresi wa uani ukatwe ili waione barabara. Kikabaki kisiki. Jirani yetu, mama muuza samaki aliyedai kiwanja ni chake, akaja na konseye, kiongozi wa mtaa aliyeamua kesi za viwanja. Bibi akaeleza kwamba mti ule aliupanda alipozaliwa baba yangu, mwaka mmoja kabla hawajakimbilia Tanzania. Mwaka huo Baba alikuwa ametimiza miaka arobaini.

Mwalimu wa jiografia alikuwa ametufundisha jinsi wataalamu wanavyosoma mvua na joto la zamani kwenye matope ya maziwa na kwenye miti. Pete moja, mwaka mmoja. Pete nyembamba, ukame. Mimi, nisiyesema mbele ya watu, siku hiyo nikasema, "Tunaweza kuhesabu." Nikahesabu kwa ncha ya kalamu. Themanini.

"Mi nilisema," jirani akacheka. "Muti iko muzee kuliko baba yako mara mbili. Bon, mama, we ulipanda gani?"

Konseye akasema ataamua Jumatatu. Bibi hakunigombeza. Alinipakulia chakula bila kunitazama.

Siku tatu nilikaa juu ya kile kisiki kama mtu aliyejifunga kamba mwenyewe. Siku ya tatu ndipo nikaona: pete zilikwenda mbili mbili, pana na nyembamba, pana na nyembamba. Kitabu cha mwalimu kilitoka Ulaya. Kwetu mvua ni mara mbili kwa mwaka, itumba na umuhindo, na kati yake jua. Ila katikati kabisa pete zilibanana kama uzi.

"Bibi, ulipoupanda mvua ilikuwaje?"

"Mvua gani? Misimu miwili ilikataa. Niliunywesha maji niliyomwogeshea baba yako."

Jumatatu konseye akarudi. Nikaweka nukta kwenye kila jozi, mpaka ndani.

"Mutoto anabadilisha hesabu yake sasa," jirani akasema.

"Ngoja, mama. Mwaka mmoja una mvua mbili; nahesabu jozi." Konseye alikuwa amepiga magoti. Bibi akaweka kidole kwenye zile pete zilizobanana, akamsimulia habari ya maji ya kuogea.

"Arobaini," konseye akasema, akaandika kiwanja kwa jina la Bibi.

"Mjukuu wangu," Bibi akaniita, akimtazama jirani, "mletee mgeni kiti."