Njiti Moja ya Samli

Miaka ile zahanati yetu kule Bunda haikuwa hata na aspirini, na magoti ya mama yalikuwa yanamliza. Shangazi akaleta kichupa cha samli iliyochemshwa na bangi, akaniachia mimi masharti: chovya njiti ya kiberiti, mguse nayo ulimi, basi. Asinywe pombe, asiinuke peke yake, na kwa kuwa dawa hii hukawia kufika, asiongezewe mpaka ng'ombe warudi kutoka machungani.

Hata saa haikupita, mama akaanza. "Sisikii kitu. Niongezee."

"Subiri ng'ombe, mama."

"Hapa nani kamzaa mwenzake?"

Nikakikalia kile kichupa. Alinisema mpaka majirani wakasikia. Halafu sauti ikalegea, miguu ikanyooka, akasinzia begani kwangu mdomo wazi. Ng'ombe walirudi, sikuthubutu kujitikisa.

Sasa magoti yangu nayo yamegoma. Hapa mjini, mtaa wa Nyasho, binti yangu ananidondoshea tone moja la mafuta ya bangi chini ya ulimi, nami sichelewi kufoka kwamba halifanyi kazi.

"Subiri ng'ombe, mama," ananiambia.

Hatuna ng'ombe hata mmoja. Ninamwegemea, nasubiri.