Spika Katika Nyumba ya Bi Zubeda

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa redio hata moja. Mwenye Duka, mzee wa Kiislamu ambaye baba yake na babu yake walifanya biashara hapohapo Same kando ya barabara kuu, alinikabidhi kitambaa akasema, "Binti, hapa adui yetu wa kwanza ni vumbi. Mteja akikuta redio mpya ina vumbi, atasema namuuzia mtumba." Upepo wa Same mnaujua ninyi mliokulia huku: ukifuta meza asubuhi, kabla ya chai unaweza kuandika jina lako juu yake. Nilifuta kutwa nzima. Nilikuwa nimeteremka kutoka Bombo milimani na sanduku dogo, cheti cha kidato cha nne na sauti ya alto niliyozoea kuimbia kwaya ya Kilutheri.

Jioni Fundi Mkuu aliniita nyuma ya pazia alikokuwa akitengenezea. Alikuwa mtu wa Ngujini, mpole, mwenye maneno machache. Aliniambia nifumbe macho, akawasha redio.

"Iko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Fumbua. Umeonyesha ukuta. Redio ninayo mkononi, nimeigeuza tu ikatazama ukuta, na wewe umesikia ukuta. Usiuze kitu chochote cha sauti kabla hujajua kitawekwa wapi."

Kwa fundi huyo nilijifunza kazi. Alinifundisha kwamba kila spika ina ukinzani wake, yaani inavyobana njia ya umeme, na ukiipa amplifaya spika zenye ukinzani mdogo kuliko inavyostahimili, itachemka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Alinifundisha kwamba waya wa kwenda mbali lazima uwe mnene. Na kwamba ukichanganya chanya na hasi kwenye spika moja, hiyo itavuta hewa wakati mwenzake anasukuma, na besi yote itapotea, mteja aje kukwambia umempa mzigo mbovu.

Baadaye nikahamishiwa tawi la Mwanga, chini ya Meneja wa Tawi aliyeamini kwamba duka ni duka, si shule. "Mteja akiulizia ndogo, mwonyeshe kubwa," ndiyo ilikuwa sera yake. Mimi nikawa na tabia ya kwenda kwanza kukitazama chumba cha mteja. Alichukia sana. "Wewe ni muuzaji au mpima viwanja?" alinifokea mbele ya watu. Lakini wateja waliouziwa spika kubwa walirudi nazo zimebebwa kwa toroli, wenye nyumba wamewapa notisi kwa makelele. Baada ya kurudishiwa mzigo mara kadhaa, alianza kuniuliza mwenyewe, "Umekwenda kuona chumba?" Sikumkumbusha maneno yake. Alikuwa na moyo mzuri, ila alikuwa na haraka.

Niliporudi Same, Mwenye Duka alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mwanawe alipenda tumwite Mkurugenzi. Biashara ilikuwa imebadilika. Watu sasa walitaka hom-thieta: spika mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za nyuma, na sabufa ya kubeba mngurumo. Na wengi wa wateja wetu, walimu, manesi, askari, watu wa halmashauri, walikuwa wapangaji. Kumfungia mpangaji ni kazi ya peke yake. Nyumba si yake, ukuta si wake, jirani hakumchagua, na kesho anaweza kuhamishwa.

Katika wote niliowafungia, nitawasimulia mmoja.

Nesi Rehema alikuja dukani akiwa bado na sare za kazi. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nataka hom-thieta, zile zisizo na waya. Mama mwenye nyumba wetu hataki msumari hata wa kutundikia kalenda."

Nikamweleza ukweli ambao matangazo hayausemi: zisizo na waya nazo zina waya. Kinachoondolewa ni waya wa sauti tu, wa umeme unabaki, na kila spika ya nyuma itadai soketi yake. "Sebuleni kwako kuna soketi ngapi?"

"Mbili."

"Televisheni na king'amuzi zimeshazichukua. Utatandaza ekstensheni sakafuni?"

Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Sakafuni hapana, mama. Mume wangu haoni."

Mumewe, Mwalimu Elinihaki, nilimfahamu kwa jina. Alifundisha sekondari, na mwisho wa wiki alikuwa refa wa ligi ya wilaya, refa asiyebembelezeka. Presha ya macho ilimla taratibu mpaka akapofuka. Nesi aliniambia kwamba siku hizi mpira ukianza hutoka akakae uani peke yake. Alitaka kumrudisha uwanjani kwa njia ya masikio.

Nikaenda kuona chumba. Walipanga nusu ya nyumba ya Bi Zubeda, mjane aliyekaa nusu ya pili, ukuta mmoja ukiwatenganisha. Nikiwa napima mahali pa spika za nyuma, Mwalimu aliingia kutoka uani. Alipita akiburuza mkono ukutani na kuburuza nyayo sakafuni, polepole, na mimi nikaona waziwazi kwamba waya wowote utakaolala chini katika nyumba ile ni mtego.

"Mnapanga nini na mgeni?" aliuliza.

"Tunakufungia sauti, baba Neema," mkewe akamjibu kwa furaha. "Mashabiki utawasikia mpaka nyuma yako, kama uko uwanjani!"

Alisimama. Kisha akasema, "Nani kakwambia nataka kuwa uwanjani? Uwanjani nilikuwa na filimbi. Sasa mniweke katikati ya makelele nisiyoweza kuyaamua?"

Nesi Rehema aliinamisha uso. Mimi nilitamani kukunja futi yangu niondoke. Tulikuwa tumempangia mtu mzima kila kitu, mpaka kiti chake, bila kumwuliza neno.

"Mwalimu," nikamwambia, "nisamehe. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Alipapasa kiti akaketi. 

"Siku ya mechi ya watani walijaa hapa majirani. Nami nimekaa nao, nashangilia nao. Goli likaingia, watu wote wakasimama. Nikasikia mtu ananishika mabega ananigeuza, polepole, kama mtoto. Kumbe nilikuwa nimelielekea dirisha. Kipindi chote kile nimelitazama dirisha, na hakuna aliyeniambia." Akaendelea. "Nataka nijue televisheni iko wapi. Basi."

Niliwasha televisheni yao, nikafumba macho. Zile nyembamba za siku hizi huficha spika zake mgongoni. Sauti inapiga ukuta, ukuta unaitupa kwenye kioo cha dirisha, na mtangazaji anakuwa kama amesimama nje barazani. Mwalimu hakuwa amekosea. Sauti ndiyo iliyomdanganya.

Kwa hiyo tukachagua upya, safari hii pamoja naye. Mkurugenzi alinisukuma nimpe saundibaa, ule upau mmoja wa kuweka chini ya televisheni. Nilimkatalia kwa adabu, maana ile iliyokuwa dukani ilitengenezwa kupanua sauti ionekane imejaa chumba kizima, na Mwalimu alitaka iwe mahali pamoja. Nilimpa seti ya waya yenye spika ya katikati iliyo peke yake, imara. Spika hiyo ndiyo hubeba maneno. Niliiweka katikati chini ya kioo cha televisheni, ikimtazama mtu usoni. Mbili za mbele nilizisimamisha kando ya kabati, waya zote zikapita nyuma ya kabati. Hakuna waya uliokatiza njia yake.

"Na za nyuma?" Nesi aliuliza.

"Zibaki kwenye boksi," mumewe akasema. 

Ikabaki sabufa, na sabufa ni suala la jirani. Spika nyingine ukuta unaweza kuzizuia kidogo, lakini mngurumo wa sabufa hupita sakafuni na kutokea chumba cha pili. Nikaenda kubisha upande wa pili.

"Shikamoo Bi Zubeda."

"Marahaba. Wewe ndiye wa misumari?"

"Sina msumari hata mmoja, bibi."

Aliniingiza akanionyesha ukuta wa katikati. Marehemu mumewe aliujenga ukuta ule kwa mikono yake, akaupiga lipu akausugua mpaka ukawa laini kama kaure. Mpangaji aliyetangulia aliutoboa ukawa chekeche, na mafundi walioletwa kuziba hawakuweza kuurudisha ulivyokuwa. Pale ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa mkali bure.

Tukakubaliana hivi: yeye akae kitandani kwake, mimi niongeze sabufa kidogo kidogo, akisikia inamgusa agonge. Niliiinua sabufa kutoka sakafuni, nikaiweka juu ya kipande kinene cha mpira wa tairi, mbali na ukuta wa katikati. Nikaongeza. Kimya. Nikaongeza. Akagonga. Nikarudisha nyuma, nikaweka alama kwenye swichi yake ya kuzungusha kwa rangi ya kucha ya Nesi Rehema, nikamwambia Mwalimu aipapase. "Hapa ndipo mpaka wako na Bi Zubeda."

"Sawa," akasema. "Mstari ni mstari."

Kisha akakaa kwenye kiti chake, mkewe akaweka taarifa ya habari. Nilimwona akigeuza uso kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mtu anayetafuta upepo unatoka wapi. Akatulia. Alikuwa akiitazama televisheni moja kwa moja.  Nesi alikwenda jikoni kuweka chai, na aliporudi nikaona kwamba alikuwa ameosha uso.

Jumamosi moja walinialika. Majirani walikuja, na Mwalimu alikuwa katikati yao akiwaeleza sheria. Mchezo ukiwa umepamba moto, ukuta ukagongwa. Nesi akakurupuka kupunguza sauti.

"Msipunguze bwana!" Bi Zubeda alipaza sauti kutoka kwake. "Refa kapuliza nini hiyo?"

"Kuotea, Bi Zubeda!" Mwalimu akajibu. Na chumba kizima kikacheka, yeye kwanza.

Baada ya mvua za masika Mwalimu alinipigia simu mwenyewe. "Mama, zile za nyuma, njoo uzifunge." Nilipitisha waya juu ya ubao wa pazia uliokuwapo tangu zamani, nikauteremsha pembeni nyuma ya kochi, upande asiopita. Sikumwuliza kwa nini amebadili mawazo. Mtu akikufungulia mlango, unaingia, huanzi kuukagua.

Halafu likatokea lile linalowapata wapangaji wote walio watumishi wa serikali. Nesi Rehema alihamishiwa Myamba, kule juu milimani. Nilikwenda kuwafungulia vitu. Tulipomaliza kufungasha, Bi Zubeda aliingia kukagua nyumba, akapitisha kiganja chake ukutani kuanzia mlangoni mpaka dirishani, kote. Hakukuwa na alama mpya hata moja. Nikadhani atafurahi.

"Mmeuacha kama mlivyoukuta," alisema. Akabaki amesimama pale, mkono bado ukutani. "Mngeniachia hata tundu moja."

Mwalimu alisogea kuelekea ilikotoka sauti yake, akamshika mkono. Sikuwahi kumwona Bi Zubeda akilia, na siku ile pia alijitahidi tusione.

Kazi niliiacha mwenyewe. Mkurugenzi alinisihi nibaki, lakini masikio yalikuwa yameanza kuniaga. Zilianza kupotea sauti nyembamba za juu, mlio wa ndege, kisha herufi katika maneno ya watu. Siku niliyomsifia mteja spika ambayo vijana wote dukani walijua inakwaruza, nilielewa. Nikarudi Bombo kwenye migomba yangu. Ukweli niuseme, miezi ya mwanzo ilikuwa mizito. Mtu aliyeishi kwa masikio akiyapoteza, hajui afanye nini na kimya. Ninyi vijana mnaoshika kazi hii mnaniuliza seti gani ni bora, na mimi siwezi kuwajibu. Niulizeni ni ya nani, anakaa wapi, na nani yuko upande wa pili wa ukuta, hapo tutazungumza.

Mwaka huu nilikwenda Myamba siku ya soko, kununua tangawizi ya mbegu, nikapita kuwasalimia. Mpira ulikuwa unaanza. Mwalimu alinisogezea kiti kando yake. Picha niliiona vizuri, lakini mtangazaji kwangu alikuwa nyuki ndani ya chupa.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema namba kumi kaanguka ndani ya boksi. Kaangushwa?"

Walikuwa wakirudia picha. Nilisogea mbele, nikatazama kwa makini.

"Hakuguswa, Mwalimu. Kajirusha."

"Una uhakika?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Aliinua mkono wake wa kulia juu, umenyooka, vidole vimeshika kadi isiyokuwapo.

"Njano," akasema.